Bahari Isibadilishe Jina la Maradhi

Hotuba kwa madaktari, matabibu, wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa viongozi wa hospitali zetu, madaktari, matabibu, wauguzi, wenzetu wa maabara na wa mazoezi ya viungo, mabibi na mabwana. Ahsanteni kwa kuacha wodi zenu asubuhi hii. Tunajua foleni inawasubiri, kwa hivyo tutaingia kwenye kazi moja kwa moja.

Mchukueni mtu mwenye umri wa miaka 55, miguu inamuwaka moto usiku. Kituo cha kwanza kinamwandikia kisukari kimeharibu mishipa ya fahamu. Hospitali ya pili inaandika uti wa mgongo umebana mshipa. Anapanda boti, anavuka hadi Unguja, anarudi na karatasi ya tatu iliyoandikwa upungufu wa vitamini. Miguu ni ile ile na moto ni ule ule, lakini sasa ana majina matatu, na kila jina limekuja na dawa zake, nauli zake na khofu yake. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alipima kwa namna yake, akasoma kwa namna yake, na hakuna aliyeona kazi ya mwenzake kabla wino haujakauka.

Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza. Makubaliano kati ya madaktari hayatoki kwenye elimu peke yake. Yanatengenezwa, tena kwa mambo mawili: kupima kwa utaratibu mmoja, na kukaguana kazi kwa maandishi kabla ya kujadiliana kwa mdomo. Tukikosa la kwanza, la pili halitatusaidia. Tukiwa na la kwanza bila la pili, makosa yetu yataendelea kuzeeka nasi.

Na msidhani elimu kubwa inatosha. Mwaka 2010 Peter Dyck na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mmoja wetu anapaswa kulijua. Walikusanya madaktari 12, wote wabobezi wa maradhi haya, wakawapa watu 24 wawachunguze, wengi wao wakiwa na kisukari, kila daktari peke yake bila ya kuona alichoandika mwenzake. Mabingwa wale walitofautiana kupita kiasi, na walielekea kuona ugonjwa mahali ambapo vipimo havikuuona. Mguso uliopungua kidogo, nguvu iliyolegea kidogo, wakaandika si sawa. Baadaye wakarudia kazi kwa sharti moja walilokubaliana: andika kasoro pale tu isipokuwa na shaka yoyote, baada ya kuzingatia umri, jinsia, urefu, uzito na hali ya mwili wa mtu. Matokeo yakawa bora zaidi. Hawakununua mashine mpya wala hawakusoma shahada nyingine. Walikubaliana maana ya neno moja.

Sisi tuna maneno yetu ya kukubaliana, na hapa vitabu vya Ulaya haviwezi kutusaidia. Mgonjwa akikwambia "naumwa na mishipa", anaweza kukusudia mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano ya msuli, au ule mshipa wa wanaume unaoshuka kwenye korodani. Akisema "ganzi", mmoja ana maana hahisi kitu kabisa, wa pili anahisi sisimizi wanatambaa, wa tatu mguu wake ni mzito hauinuki, na huyo wa tatu tatizo lake ni nguvu, si hisia. Tabibu anaandika "ganzi" kwa wote watatu, na karatasi hiyo ikifika kwa daktari mwengine imeshakuwa ugonjwa mwengine.

Tunapendekeza maswali matatu yaulizwe kwa maneno yale yale kila mahali. La kwanza: nikikugusa hapa mguuni na hapa kifuani, unahisi sawa? La pili: kuna kitu kinakuja chenyewe bila kuguswa, kama moto, sindano au wadudu? La tatu: kuna kazi mguu huu ulikuwa ukiiweza na sasa umeshindwa? Kwa watu wetu kuna mawili ya kuongeza ambayo yanafichua mengi: je, ndara inavuka mguuni bila mwenyewe kujua? Na ukitia udhu alfajiri, ubaridi wa maji unauhisi miguuni kama unavyouhisi mikononi?

Na sehemu za mwili zitajwe kwa jina lisilo na pande mbili. Neno "mguu" linaanzia nyongani hadi kwenye kucha, kwa hivyo andikeni vidole, wayo, kifundo, muundi, goti. Neno "kiwiko" ni la hatari zaidi. Wapo wanaolitumia kwa kiungo cha juu ya kiganja na wapo wanaolitumia kwa kiungo cha katikati ya mkono. Ripoti inayosema "mshipa umebanwa kiwikoni" inaweza kupeleka kisu mahali pasipo. Lugha yetu ya visiwani ina kilimbili kwa kiungo cha juu ya kiganja, na ina kisugudi kwa kiungo cha katikati ya mkono. Tuyatumie hayo.

Sasa tuje kwenye uchunguzi wa kitandani, kwa sababu si kila hospitali ina mashine, lakini kila hospitali ina mikono.

Uzi wa plastiki wa gramu 10 unaonekana kitu kidogo, na ndio unaokosewa zaidi. Unawekwa wima juu ya ngozi, unasukumwa mpaka upinde, unaachwa kama sekunde 1 au 2, kisha unaondolewa. Mgonjwa amefumba macho. Hauburuzwi, na haubonyezwi kwa kudonoa. Sehemu ni ncha ya kidole gumba cha mguu na chini ya vichwa vya mifupa ya wayo, ule wa kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano. Kila sehemu ulizeni mara 3, moja kati ya hizo iwe ya uongo ambayo hamkugusa kitu. Majibu 2 sahihi kati ya 3, hisia ipo. Watu wetu wengi, wa shamba na wa pwani, wana sugu nene nyayoni. Mkiweka uzi juu ya sugu mtaandika ugonjwa wa fahamu kwa mtu ambaye ana ngozi ngumu tu, basi wekeni pembeni yake. Uzi wenyewe unachoka. Baada ya wagonjwa 10 kwa siku upumzisheni hadi kesho yake. Tena ni nailoni, inanyonya unyevu, na hewa yetu mnaijua. Kila mwezi ubonyezeni juu ya mizani ya kidijitali ya maabara mpaka upinde. Ukisoma gramu 7, uzi huo unagusa kidogo kuliko mnavyodhani, na wagonjwa wenu watakuwa wanaonekana hawahisi kumbe hawakuguswa vya kutosha.

Uma wa chuma wa mitetemo 128 kwa sekunde uwekeni kwanza kwenye paji la uso ili mgonjwa ajue anachoulizwa, kisha kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu. Msiulize "unahisi?", kwa sababu chuma baridi kila mtu atakihisi. Ulizeni "kinatetemeka au kimetulia?" Na nyundo ya kifundo: msiandike kwamba mguu haujibu mpaka mgonjwa amenasisha vidole vya mikono yake miwili akavivuta kwa nguvu wakati mnapiga. Kwa mzee wa miaka 75, kukosa jibu la kifundo peke yake si ugonjwa.

Nguvu ya misuli ina kipimo cha 0 hadi 5 kilichotoka Uingereza wakati wa vita vya pili, na sote tumekisomea. Tabu yake ni ile namba 4. Msuli uliolegea kidogo na msuli unaokaribia kushindwa vyote vinaitwa 4. Watu wawili wanaweza kukubaliana 4 huku wakiwa wameona vitu tofauti, au mmoja akaandika 4 na mwenzake 5 kwa sababu tu mkono wa mmoja ni wa mkulima na wa mwengine ni wa karani.

Kwa hapa petu hili si jambo la nadharia, na ukoma ndio unaotuonesha. Ukoma ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu kabla haujawa ugonjwa wa ngozi. Miongozo inasema: mgonjwa akipoteza nguvu ya msuli kwa daraja moja, au akapoteza hisia katika vituo 2 au zaidi vya kiganja au wayo, na hasara hiyo ina muda usiozidi miezi 6, aanzishiwe prednisoloni kuokoa mshipa. Ni dawa nzuri, na ni dawa nzito: inapandisha sukari, inapandisha presha, inaamsha kifua kikuu kilicholala. Sasa angalieni. Mwezi wa Januari muuguzi mmoja amepima akaandika nguvu kamili. Mwezi wa Aprili amepima mwengine, akaandika dhaifu. Je, mshipa umeharibika au mpimaji amebadilika? Ikiwa ni mpimaji, tumempa mtu miezi ya prednisoloni kwa ugonjwa wa karatasi. Na kinyume chake kinaumiza zaidi: mkono unaanza kufa, mpimaji wa pili ana mkono mwepesi wa kuandika "sawa", miezi 6 inapita, na kidole kinabaki kimekunjika maisha.

Ndiyo maana miradi ya ukoma iliacha kipimo cha madaraja 6 kwa kazi hii, ikabaki na matatu: msuli una nguvu, ni dhaifu, au umepooza. Misuli yenyewe ni michache. Kufumba jicho, kutanua kidole cha mwisho, kuinua kidole gumba juu ya kiganja, kuinua wayo. Hisia hupimwa kwa uzi wa gramu 2 mkononi na gramu 10 mguuni, na pasipo na nyuzi, kwa ncha ya kalamu inayowekwa bila kukandamiza. Kupunguza madaraja kunapoteza undani fulani, ni kweli. Lakini undani ambao watu wawili hawawezi kuuona sawasawa haukuwa undani. Tunachoomba kwenu ni hiki: katika kliniki za ukoma, mtu wa pili apime tena papo hapo kila panapoonekana badiliko, bila kuangalia kadi. Dakika 10 tu. Wakikubaliana, dawa ianze siku hiyo hiyo. Wakitofautiana, wapime pamoja mara ya tatu na waandike sababu ya tofauti.

Tupite kwenye mashine, ile inayopeleka umeme mdogo kwenye mshipa wa fahamu na kuchora wimbi. Watu wengi wanaiamini mashine kwa sababu inatoa namba zenye nukta. Namba hizo zina mikono ya binadamu ndani yake.

Joto ndilo la kwanza. Mtasema nchi yetu haina baridi. Ina baridi, imo ndani ya chumba cha mashine. Kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18 kulinda mitambo, mgonjwa amekaa nusu saa kitandani, mkono umeshapoa hadi nyuzi 27. Kila nyuzi moja inayoshuka hupunguza kasi ya mshipa kwa takriban mita 2 kwa sekunde, na kuchelewesha wimbi la kilimbili kwa kama milisekunde 0.2. Nyuzi 5 ni milisekunde 1. Mama ambaye wimbi lake lingefika kwa milisekunde 3.6 sasa anasomeka 4.6, na kwa kuwa maabara nyingi huweka mpaka karibu na 4.4, ameshaandikiwa mshipa wa kati, ule wa fahamu unaokwenda kiganjani, umebanwa kilimbilini. Pengine anasokota kamba za makumbi, kila mtu anaona jibu linaingia akilini, na anapangiwa upasuaji. Pimeni joto la ngozi na liandikeni kwenye ripoti: mkono usipungue 32, mguu usipungue 30. Ukipungua, pasheni kwa maji ya moto na taulo, kisha pimeni upya. Msisahihishe kwa hesabu, kwa sababu mshipa mgonjwa haufuati hesabu ya mshipa mzima. Ishara ya kukuamsheni ipo: mkono baridi huchelewesha mshipa wa kati na wa alna, ule unaokwenda kidole cha mwisho, kwa pamoja, na kimo cha wimbi la hisia huwa kikubwa badala ya kuwa kidogo. Ukiona hivyo, gusa ngozi kabla ya kugusa kalamu.

La pili ni utepe wa kupimia. Mshipa wa alna unapozunguka kisugudi hupimwa kwa kipande cha sentimita 10 hivi. Umeme ukikipita kwa milisekunde 2, kasi ni mita 50 kwa sekunde. Utepe ukikosea sentimita 1 tu, kasi inasomeka 45, na huo ni umbali wa kutosha kumgeuza mzima akawa mgonjwa. Kisugudi kikunjwe nyuzi 70 hadi 90, kibaki hivyo wakati wa kupiga umeme na wakati wa kupima kwa utepe. Kikinyooshwa, mshipa unalegea ndani, utepe unapima njia fupi kuliko ya kweli, na kila mtu anaonekana mgonjwa.

La tatu ni umeme wenyewe kutotosha. Wafanyakazi wenye huruma, na huruma ni sifa, husita kuongeza umeme mgonjwa anapokunja uso. Lakini umeme usiofika nyuzi zote za mshipa hutoa wimbi fupi, na wimbi fupi linasomwa kuwa nyuzi zimekufa, au mshipa umeziba njiani. Ongezeni mpaka wimbi lisimame kukua, kisha ongezeni robo nyengine. Mweleze mgonjwa kabla, mpe mapumziko, lakini msiandike namba ya nusu umeme.

Mengine tunayataja kwa kupita. Elektrodi ya kusomea ikae juu ya kitovu cha msuli, na wimbi likianza kwa kushuka chini badala ya kupanda, isogezwe. Mngurumo wa mitetemo 50 unatoka kwenye umeme wa ukutani: angalieni waya wa ardhi na mafuta ya ngozi kwanza. Na kwa upande wa sindano ya msuli, inayochomwa kusoma umeme wa msuli na ambayo husomwa kwa sikio na jicho papo hapo, rekodini sauti na picha, la sivyo mwenzenu hatakuwa na kitu cha kukagua.

Siku zilizopita tangu kuumia ziandikwe pia, na hapa msimu wa karafuu unatuhusu moja kwa moja. Mchumaji akianguka kutoka mkarafuuni, bega likavutika na mkono ukapooza, kipande cha mshipa kilichokatika huendelea kupitisha umeme kwa siku kadhaa. Ukimpima siku ya 3, mawimbi ya mkononi yanaweza kuwa mazuri kabisa. Daktari mmoja ataandika mshipa umesimama tu, utaamka. Siku ya 12 mwengine ataandika mshipa umekatika. Na sindano haitaonesha misuli iliyokosa mshipa mpaka wiki 2 hadi 3 zipite. Hapo madaktari hawajatofautiana, tarehe ndizo zilizotofautiana. Ripoti isiyo na idadi ya siku isikubaliwe na mkaguzi.

Kisha kuna suala la mipaka: namba gani ni nzima, ipi ni mbovu. Mipaka tunayotumia imetoka kwa watu wa nchi nyengine. Urefu wa mtu hupunguza kasi, umri hupunguza kimo cha wimbi, na mshipa wa surali wa mguuni unaweza kukosekana kwa mzee asiye na ugonjwa wowote. Wataalamu wa Marekani walipochuja tafiti za mipaka, wakachapisha matokeo mwaka 2016, waliweka sharti la watu wazima wa afya 100 au zaidi kwa kila utafiti. Watu 100 wenye afya, waliopimwa sukari, waliogawanywa kwa umri na urefu, ni kazi ambayo hospitali zetu na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar zinaweza kuifanya bila ya kumsubiri mtu.

Mpaka wenyewe ukiwa mzuri bado una mtego. Mpaka wa kawaida huacha nje watu wenye afya 2.5 katika kila 100. Mkipima namba 10 kwa mtu mmoja, na kama namba hizo hazitegemeani, basi watu 22 katika 100 wasio na ugonjwa watakuwa na angalau namba moja mbovu. Kwa hivyo isiandikwe ripoti ya ugonjwa wa mishipa mingi kwa namba moja. Ziwe kasoro zinazoelekea upande mmoja, katika mishipa 2 au zaidi, na zikubaliane na alichokilalamikia mgonjwa. Na pale ambapo dunia ina vigezo zaidi ya kimoja, chagueni kimoja na mkitaje. Kwa Guillain-Barré, ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaopoozesha mwili kwa haraka, vigezo vya mtafiti Ho vya 1995 na vya mwenzake Hadden vya 1998 havina mipaka inayolingana. Karatasi ile ile inaweza kuhesabiwa ganda la mshipa limechubuka kwa vigezo hivi na isihesabiwe kwa vile. Tena katika wiki ya kwanza vipimo vinaweza kuwa safi na mgonjwa yuko njiani kushindwa kupumua. Hapo mkaguzi mwema atauliza kuhusu pumzi kabla ya kuuliza kuhusu mawimbi.

Tutajuaje kama tunakubaliana? Asilimia inadanganya. Tuchukue mfano wa kutunga. Tabibu wawili wamewaona wagonjwa 50 wenye malalamiko ya miguu. Wote wawili wamesema "ndiyo, mishipa imeharibika" kwa 30, na wote wamesema "hapana" kwa 5. Kwa 8 wa kwanza kasema ndiyo na wa pili hapana, kwa 7 ikawa kinyume. Wamekubaliana kwa 35 kati ya 50, asilimia 70. Wengi wangepiga makofi. Lakini kila mmoja wao husema "ndiyo" kwa takriban robo tatu ya wagonjwa, basi hata wangefumba macho wakaandika kwa bahati, wangekubaliana kwa 31 hivi. Walichoongeza kwa uchunguzi wao ni wagonjwa 4 tu, kati ya 19 waliobaki. Hiyo ni 0.2, na ndiyo namba iitwayo kappa, iliyotolewa na Jacob Cohen mwaka 1960. Sifuri ni bahati tupu, 1 ni makubaliano kamili. Kwa mizani iliyozoeleka tangu 1977, kuanzia 0.61 kwenda juu ndipo watu huanza kusema makubaliano ni mazuri. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Karatasi yenye visanduku vinne inatosha.

Na sasa kukaguana kwenyewe. Ulaya wataalamu wa vipimo hivi kutoka nchi kadhaa wamekuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1990 katika mradi wa ESTEEM: kila mmoja huleta kesi zake, wenzake huzisoma peke yao, kisha hukutana kutafuta hukumu ya pamoja. Umbo hilo linatufaa, ila lazima likatwe kwa kipimo chetu.

Tunapendekeza kesi 6 kwa mwezi. Kesi iwe na swali la daktari aliyempeleka mgonjwa, umri, urefu, siku tangu dalili zianze, matokeo ya uchunguzi wa kitandani, joto la ngozi, umbali uliopimwa, na mawimbi yenyewe yakiwa na vipimo vya wima na ulalo. Hitimisho la daktari wa kwanza liondolewe, kwa sababu jicho likishasoma jina la ugonjwa hutafuta kulithibitisha. Kila msomaji, akiwa peke yake, aandike mambo matatu: kila mshipa ni mzima, mbovu, au haijulikani, kilichoharibika ni waya wa ndani, ganda lake, au haijulikani, na jina la ugonjwa pamoja na kiwango cha uhakika wake. Neno "haijulikani" liwe halali. Likikatazwa, watu watabuni.

Karatasi zikabidhiwe kwa mratibu kabla ya kikao. Baada ya hapo hakuna kubadilisha. Halafu katika kikao, mdogo azungumze kwanza na bingwa awe wa mwisho. Tunalisisitiza hili kwa sababu ya malezi yetu. Heshima kwa mkubwa ni jambo jema na hatutaki lipotee, lakini daktari mkuu akisema "huu ni ukoma", hakuna tabibu wa mwaka wa kwanza Pemba hii atakayesimama aseme aliona kisukari. Akisema yeye kwanza, na karatasi yake imeshakabidhiwa, heshima inabaki na ukweli nao unabaki.

Kila tofauti itafutiwe chanzo kimoja kati ya hivi: kipimo kilikosewa, mipaka tofauti ilitumika, kanuni ya kusoma haikuwa moja, habari za mgonjwa zilikosekana, au hesabu ilikosewa. Baada ya miezi 6 mtajua wapi pa kuweka nguvu. Ikiwa tofauti nyingi ni za joto, nunueni kipimajoto, msiitishe semina. Maoni ya aliyebaki peke yake yaandikwe pia, maana wengi wanaweza kukosea pamoja. Kukubaliana si kupatia. Kwa hivyo kila kesi irudiwe baada ya nusu mwaka: sukari ilisemaje, ngozi iliyopelekwa maabara ilionesha vimelea vya ukoma, mkono uliopasuliwa ulipona?

Changanyeni watu wasio na ugonjwa humo ndani, angalau 1 katika 6, la sivyo tutajifunza kuona ugonjwa kila mahali. Na kesi ya zamani irudishwe kimya kimya baada ya miezi michache, ili kila mtu aone kama anakubaliana na nafsi yake.

Kuhusu siri. Simu zimerahisisha kazi, na makundi ya WhatsApp yana faida, lakini visiwa vyetu ni vidogo. Ukitaja shehia na kazi ya mtu, keshajulikana. Jina, shehia, tarehe ya kuzaliwa na uso viondolewe. Kwa ukoma, ambao bado unamvunjia mtu ndoa na ujirani, uangalifu uwe mara mbili. Karatasi za kikao zisitumike kumwadhibu mtumishi, kwani siku zitakapotumika hivyo ndiyo siku watu watakapoanza kuleta kesi nyepesi tu. Lakini kikao kikigundua mgonjwa amepewa jina lisilo lake, aitwe, aelezwe na daktari wake mwenyewe, dawa ibadilishwe, na ripoti mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani ikiwa na tarehe ya marekebisho. Mgonjwa hatakiwi kulisikia hilo mitaani.

Tunaomba tuanze na hospitali nne: Chake Chake, Wete, Micheweni na Abdalla Mzee kule Mkoani, na wenzetu wa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, wapokee kesi zile zile wazisome upande wao. Mwezi wa kwanza msilete mawimbi. Leteni kadi 6 za uchunguzi wa miguu, zilizopimwa na watu wawili wawili bila kuonana, na nyuzi zenu za gramu 10 ziwe zimeshapita juu ya mizani. Tutachora visanduku vinne ubaoni mbele ya wote, na kadi zitaendelea kuongezwa humo kila mwezi mpaka idadi itoshe kuhesabu kappa.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.